Pini Yenye Ufa

Élisabethville, mwezi wa Juni 1953

Kwako yaya Régine, dada yangu mukubwa, kule Lukafu,

Salamu nyingi. Huku baridi iko kali, na muhogo wako ulifika muzuri.

Yaya, niko na woga. Unajua kazi yangu mu atelye ni kupima pini za chuma zinazoshika kaji, kile kisanduku cha kushusha bantu mu mungoti, mu shimo la shaba, na kupiga chapa zile nzima. Juzi niliona pini moja iko na ufa. Bwana mukubwa aliuona pia, lakini akasema:

"Mutale, piga chapa. Kaji inangoja."

"Bwana, itavunjika."

"Piga chapa, ao rudi kwenu!"

Yaya, Chanda, mutoto wako, anashukia mu kaji ile. Bwana alipoenda kula, nilificha pini ndani ya koti, nikaitupa mu muto. Balipoikosa, balifunga ingine, nzima.

Sasa polisi banapekua nyumba zetu, banatafuta mwizi wa ile pini. Kesho batatuuliza mumoja mumoja. Bakijua, ni fimbo na gereza.

Chanda ametoka kazini sasa hivi. Iko anakula bukari, ugali wa muhogo wako, na kucheka na majirani. Hajui kitu. Tafazali, usimwambie.

Miye mudogo wako,
Mutale