Jani la Isale Ambalo Sikuliweka Kwenye Gemu

Jumamosi. Manyunyu tangu asubuhi hapa Njoro, Moshi, mlima umejifunika, na mimi nimejifungia ndani kwa aibu. Acha niseme ukweli, maana nikikaa nao utanitafuna.

Mnaosoma hapa mnaijua gemu tunayotengeneza na rafiki yangu Ombeni. Yeye anaandika programu, mimi naandika hadithi. Dunia yetu imeshakufa: theluji ya Kibo imekwisha, mvua zimegoma, Moshi mjini ni vumbi na mabati yaliyopinda. Umebaki mfongo mmoja tu, ule mfereji wa wazee wa kuteremsha maji kutoka msituni. Na mzee mmoja mwenye roho mbaya ameuziba ili anyweshee migomba yake peke yake. Ndivyo vijiji vyote vya chini vilivyokufa kwa kiu. Mchezaji ni Manka, binti mwenye ndoo na panga. Anapanda kijiji hadi kijiji, na mwisho lazima amuue yule mzee ndipo maji yashuke.

Nilijisifu sana kwa hadithi hiyo.

Jana nikapanda Old Moshi kumwonyesha baba mkubwa, kaka yake marehemu baba. Sijui nilitaka nini. Sifa, nadhani. Nikamwamkia, nikafungua laptopu barazani, nikawa nacheza yeye akitazama. Mzee wa kwenye gemu alipotokea na kofia yake ya sufu, akiburuta mguu wa kushoto, baba mkubwa akaweka kikombe cha chai chini.

"Huyu ni mimi," akasema.

Sikukana. Ningekanaje? Nilipokuwa na miaka tisa alituzibia mfongo kiangazi kizima, migomba yetu ikakauka, mama akawa analia jikoni. Nimekua na kinyongo hicho, mwishowe nikakitengenezea gemu.

Hakufoka. Heri angefoka. Alisema taratibu, "Nilifunga maji, ni kweli. Nikaja kwa baba yako na isale mkononi, akalipokea, tukanywa mbege. Hiyo mbona hujaiandika?" Akaingia ndani, akafunga mlango.

Sikujua. Baba hakuwahi kutuambia, na sasa naelewa kwa nini. Kwetu mtu akikuletea jani la isale kuomba msamaha, ukilipokea jambo limekwisha. Halitajwi tena, hata kwa watoto. Baba alilizika, mimi nikalifukua na kulipaka rangi ili watu walicheze kwenye simu.

Na huyu baba mkubwa ndiye aliyenibeba mgongoni hadi zahanati nilipougua malaria. Hilo nalo sikuliandika.

Leo nimempigia Ombeni, nikamwambia tunafuta mwisho. Manka akimfikia mzee ataweka panga chini na kuchuma isale. Ombeni amenuna kidogo, maana lile pambano alilihangaikia wiki tatu.

Na mimi ninalo isale langu. Nililichuma jana nikiondoka, kwenye mpaka wa kihamba chetu, shamba la migomba la ukoo, na chake, nikashindwa kurudi hatua ishirini kugonga mlango. Liko kwenye glasi ya maji dirishani, bado bichi. Kesho nikitoka ibadani napanda nalo. Isale halikataliwi, nimesikia hivyo tangu utotoni, ila sijawahi kuwa mimi ninayelibeba.

Ombeni anauliza mzee atasema nini akishalipokea, ili aanze kutengeneza. Nimemwambia asubiri hadi kesho jioni.