Sambaza Mbele ya Kamera

Nkombo, Jumanne 8 Julai

Dada Furaha,

Habari za huko? Huku jua linachoma na ziwa limetulia. Tunajifunza wanavyofanya kazi watengenezaji wa filamu za hali halisi: unashika kamera, unanyamaza, na unayempiga picha anaendelea na shughuli zake kana kwamba hupo. Leo zamu yangu ilikuwa kwa Maman Vumilia, mkaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Mwalimu alimwomba asituangalie.

"Nisiangalie bageni? Majirani bakipita, bataniita muchoyo!"

Akanitia samaki wa moto mdomoni huku kamera inaendelea.

"Kula, Maman. Hiyo mashini yako haisikiye njala?"

Nikacheka mpaka picha ikayumba. Mwalimu ameniagiza nikikate hicho kicheko. Nimemwitikia vizuri sana, na sikikati. Unajua nilichofuata huku: Papa wa watoto alifariki, na hatuna sauti yake popote, hata ile ya kuulizia chai. Yangu wataisikia, sambaza ikiwa mdomoni.

Wabusu wanangu wote wawili, na unitaje katika sala ya jioni.

Mdogo wako,
Neema