Aliyemzoeza Madame Kamba

Yaya Masika, dada yangu mkubwa,

Hii ni mara ya nne naanza barua hii. Mara tatu zilizopita niliinuka kabla ya mstari wa tatu: mara ndama alie, mara mvua ianze na maharagwe yako nje, mara hakuna lolote, ni miguu tu inayokataa kutulia chini ya meza. Unanijua. Ulikuwa ukisema nina siafu ndani ya sketi. Siafu hawajatoka, yaya, wamezaliana.

Jumamosi familia inataka kukuombea misa ya marehemu. Shangazi zetu wamekwisha kukubaliana na padri. Wanasema miaka imekuwa mingi mno na mtu hawezi kukaa hivyo, si hai si mfu. Mimi nimeombwa kusimama baada ya komunyo na kueleza ulivyoondoka, kwa kuwa ni mimi peke yangu niliyekuwa uani siku ile. Nami siwezi, kwa sababu niliyowaambia siku ile hayakuwa kweli.

Naiandika wazi makusudi. Aliye Kamango aisome, aliye Beni aisome, na dereva anayevuka mpaka kwenda Uganda aende nayo. Huenda mmoja wao anamjua mwanamke wa Butembo mwenye kovu la maji ya moto juu ya mkono wa kushoto, anayecheka kwanza halafu ndiyo anamaliza sentensi.

Unakumbuka Madame alivyofika? Baba alikuwa amekwenda Lubero kuchukua viazi, akarudi na viazi nusu. Nusu ya pili ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, ilikuwa imebeba ndama wa siku tano, amefungwa miguu na kufunikwa koti la Baba mwenyewe. Mama yake alikuwa amechinjwa na askari huko juu, na mwenye ng'ombe hakuwa na namna ya kumlea. Ilikuwa vita ya pili ya Kongo. Mji wetu ulikuwa mikononi mwa waasi, na kila juma tulikuwa na habari ya kijiji kingine kilichokimbiwa.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nikampenda papo hapo. Wewe ulikuwa na kumi na saba. Ulisimama mlangoni na mikono kiunoni, ukamtazama alivyokuwa akitetemeka, ukasema, "Baba, tuliomba viazi, wewe unaleta Madame." Jina likabaki. Kila asubuhi ulikuwa ukiniuliza, "Madame alilala muzuri? Madame atakunywa chai ao kahawa?" Nilikuwa nakasirika hadi machozi, na wewe ulikuwa unafurahi zaidi.

Chupa yake ilikuwa chupa ya bia. Chuchu niliikata kwenye mpira wa ndani wa gurudumu, nikaitoboa kwa waya uliopashwa moto, nikaifunga kwa uzi wa katani. Maziwa tulipewa na Mama Aisha, jirani yetu, mke wa dereva wa lori, ambaye ng'ombe wake alikuwa amezaa. Sisi tulimchotea maji, naye alitujazia kile kibuyu bila kupima. Siku ya kwanza Madame alikataa kabisa. Alisukuma chupa kwa pua, maziwa yakamwagika kifuani pangu. Baba akanionyesha: chovya vidole viwili katika maziwa, mtie mdomoni avinyonye, kisha ingiza chupa polepole katikati ya vidole. Na chupa ishikwe juu, shingo yake inyooke kama anaponyonya mama yake, la sivyo maziwa yatapotea njia. Alipoelewa aliivuta ile chupa kwa nguvu mpaka nikakaa chini kwenye matope. Nilisikia raha ambayo sijaisikia mara nyingi tangu hapo.

Kulisha kulikuwa mara tatu kwa siku: alfajiri kabla sijaenda shule, saa nne, na jioni. Alfajiri na jioni ni mimi. Ya saa nne nilidhani ni Mama. Kumbuka neno hili, nitalirudia.

Alipofikisha miezi miwili Baba alisuka hatamu kwa vipande vya vitenge vya zamani, maana katani ingemchubua mashavu. Nilimwuliza kwa nini ndama wa nyumbani afundishwe kamba, wakati majani yako pale pale uani. Akasema, "Vita ikikuja, ng'ombe mwenye anajua kamba atakimbia na siye. Ule mwenye hajue, atabakia kwa basoda." Basi hatukumzoeza Madame kwa urembo. Tulimzoeza ili siku ya kukimbia tukimbie naye, asibaki kwa askari.

Siku za kwanza nilimwacha aburute kamba fupi uani, aikanyage mwenyewe, ajue kwamba anayejizuia ni yeye. Halafu nikamfunga kwenye mkaratusi kwa muda mfupi, kisha muda mrefu kidogo. Halafu tukaanza kutembea. Sheria ni moja: usimvute. Kaza kamba kidogo, ngoja, akitoa mguu mmoja tu, legeza. Kulegeza ndiyo asante yake. Na usizungushe kamba mkononi hata kidogo, akishtuka atakuvunja vidole. Mimi, mtu wa siafu, nilijifunza kusimama bila kutikisika kwa ajili ya ng'ombe. Wewe ulikuwa unapita na ndoo kichwani, unasema, "Kavira, uyo ni ng'ombe, hapana bibi-arusi."

Aliwahi kuhara, unakumbuka? Macho yalizama ndani, masikio yakawa baridi. Jioni nilikuomba unisaidie kumfunika, ukajibu kwamba akifa tutakula nyama mara moja kabla vita haijaisha. Nililala nikikuchukia. Kulipokucha nilikuta maji ya chumvi na sukari jikoni, tayari yana uvuguvugu, na chupa imeoshwa. Nilimshukuru Mama. Mama aliitikia tu, kama anavyoitikia kila kitu asubuhi.

Sasa nifike siku yenyewe. Nimeinuka tena, nimezunguka nyumba, nimerudi.

Ilikuwa asubuhi ya ukungu. Baba na Mama walikuwa shamba. Madame alikuwa na miezi tisa, mbavu zimejaa, manyoya yanang'aa. Mimi nilikuwa nampiga brashi chini ya mkaratusi, shule haikuwepo siku hiyo. Wewe ulikuwa jikoni unasonga ugali. Askari watano waliingia uani wakitoka upande wa mjini, wanaelekea njia ya Beni. Hawakupiga kelele. Mmoja alinyakua kamba mkononi mwangu na kuvuta.

Madame aligoma. Alikita miguu minne ardhini maana nilimfundisha bila kumvuta. Wakamvuta wawili. Wakampiga kwa kitako cha bunduki kwenye kiuno, akapiga magoti, akasimama, asipige hatua. Mmoja alitaka kumpiga risasi hapo hapo. Mkubwa wao akakataa. Walikuwa na safari ndefu, na nyama inayotembea ni afadhali kuliko nyama ya kubebwa. Akageuka, akatutazama, kwa maana ulikuwa umeshatoka mlangoni.

"Nani anaitembezaka hii ng'ombe?"

Brashi ilikuwa mkononi mwangu, yaya. Manyoya yake yalikuwa yamejaa kwenye gauni langu. Mtu yeyote mwenye macho angejua. Nilifungua mdomo, na sijui mpaka leo kama ilikuwa kusema au kulia.

"Njo mie, ni mie," ulisema. "Uyu mudogo? Uyu anaogopaka hata kuku."

Ulicheka. Askari mmoja naye akacheka. Ulifuta unga kwenye kitenge chako, ukapita mbele yangu karibu sana hata bega lako likanisukuma nyuma, ukachukua kamba. Ulisimama upande wake wa kushoto. Ukamtia vidole viwili mdomoni. Ukakaza kamba kidogo, ukangoja, akatoa mguu mmoja, ukalegeza. Na Madame, aliyekataa wanaume watano, akakufuata nje ya ua kama anakwenda kunywa maji.

Hukunitazama. Ulisema tu kwa sauti ya kila siku, "Kavira, songa bugali, itaungua."

Nikaingia jikoni nikasonga. Nilikuwa nasonga wakati mnapita kwa Mama Aisha, nilikuwa nasonga wakati mnashuka bonde. Nilisonga mpaka mwiko ukavunjika.

Ng'ombe wa miezi tisa analiwa na askari watano kwa siku mbili, tatu. Hiyo ndiyo hesabu iliyoninyima usingizi. Siku ya nne ungekuwa umerudi.

Mama alipoingia jioni akauliza kwa nini Masika naye amekwenda, si ng'ombe peke yake, nilimwambia kwamba ulikataa kumwacha Madame. Kwamba ulisema ni ng'ombe wako na hutaachana naye. Niliogopa angeniuliza, na wewe ulikuwa wapi? Kwa hiyo nilimtangulia kwa uongo wangu. Tangu siku hiyo jina lako katika familia hii ni la msichana mkaidi aliyefuata ng'ombe. Shangazi wanawaonya mabinti zao kwa kisa chako. Na Mama, kila jioni baada ya rozari, alikuwa akikugombeza hewani, ulivyotuacha kwa ajili ya mnyama: "Juu ya ng'ombe, Masika? Juu ya ng'ombe?" Nami nilikuwa nimepiga magoti pembeni yake, nikiitikia amina.

Baba alikutafuta mpaka Beni, akarudi miguu imevimba. Alikufa akiwa bado anauliza madereva. Mimi nilichukua zamu yake. Tuliambiwa kuna Masika anayeuza samaki Kyavinyonge. Nilishuka mpaka ziwani, nikamwona mwanamke kwa nyuma, kitenge kimefungwa kama chako, nikakimbia nikamshika bega. Aligeuka. Hakuwa wewe. Nilinunua samaki wake wote kwa aibu. Kamango nimekwenda mara mbili. Nikikaa nyumbani juma zima bila habari yako, mwili unawasha.

Sasa lile neno nililokuambia ukumbuke. Nina ndama mwingine. Mama yake ana ugonjwa wa kiwele, kwa hiyo nimerudia chupa. Juzi Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake akinitazama nikilisha, akasema, "Masika alikuwaka anashika chupa vile vile. Juu, na vidole bibili."

Nikamwambia, "Mama, Masika hakuwahi kumgusa. Saa nne ni wewe uliyekuwa unalisha."

"Mie? Saa ine niko shamba! Mie hapana kugusa ile chupa hata siku moya. Ni Masika. Askari walilala mu shule ya bakubwa, alibakia hapa. Alikuwaka anatembea naye mpaka kule kwa mikaratusi, anamuimbia, nikirudi mapema namuona."

Unamwimbia! Wewe uliyetaka tule nyama! Ndama akaivuta chupa, ikaanguka. Miaka yote nilijiambia Madame alikufuata kwa sababu ya kipigo, kwamba alikuwa amechoka. Hakuchoka. Alikuwa anakujua. Alikuwa wako nusu, na uongo wangu ulikuwa kweli nusu. Ulimpenda. Lakini hukwenda kwa ajili yake. Ulimkabidhi yeye na ukajikabidhi mwenyewe ili macho ya yule mkubwa yasibaki juu yangu. Nakasirika nawe, Masika. Kwa nini hukuniambia hata siku moja kwamba unampenda? Tungekuwa tumemlea pamoja.

Nimeinuka tena. Safari hii sikuzunguka nyumba. Nilikwenda kwa Mama.

Nimemwambia yote. Brashi, mdomo wangu uliofunguka, bega lako, ugali. Alikuwa anachambua maharagwe, hakuacha kuchambua. Alimaliza ungo mzima. Halafu akasema, "Donc, basi, myaka yote hii niko natukana mutoto wangu bule."

Nikapiga magoti. Hakunigusa. Akaniambia nimwambie padri misa ya Jumamosi isiwepo. Nikamwuliza, shangazi tutawaambia nini?

"Niko na deni ya kuomba Masika pardon, musamaha. Mutu wa kufa hapana kujibu. Sasa nitamuzika namna gani? Andika. Utume kila fasi, kila pahali."

Kwa hiyo hatukuziki, yaya. Kama u hai, na watu hawa wakikusomea, njoo utuaibishe sote. Njoo na watoto kama unao, hatutauliza baba yao ni nani. Kama huwezi, mwambie dereva yeyote neno moja, hata la kunicheka. Ndama huyu bado hajajua kamba. Hatamu nimeshaisuka, kwa vitenge, lakini nimeitundika nyuma ya mlango, mikono yangu haijakubali.

Ugali ule uliungua. Mwiko ulipovunjika niliuacha ugali motoni, hilo nilikuwa sijakuambia.

Na kama yule mkubwa bado anatembea popote duniani na barua hii ikamfikia, nami nimjibu, maana aliuliza nikanyamaza. Nani anaitembezaka hii ng'ombe?

Njo mie,
mdogo wako Kavira.