Msuko wa Nyuma ya Sikio

Nyumbani,
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu tele zikufikie huko uliko. U mzima? Kazi inaendaje, na ule mguu umeacha kuvimba? Sisi hatujambo, ila wiki hii nyumba haikukalika, ndiyo maana nimeshika kalamu. Kwenye simu ungelia, nami ningeshindwa kumaliza.

Habari yenyewe ni nywele za binti yako, Kipusa. Tangu ulipomsuka ile siku ya kuondoka, hakukubali mtu amfumue. Misuko ikalegea, ikashikana, kisogoni pakawa kama mkeka. Alhamisi mwalimu wake akatuma neno: Jumatatu aje amechanwa au amenyolewa.

Mkweo unamjua, hana maneno mengi. Aliuchukua mkasi wangu wa kukatia vitambaa akauweka mezani. Akasema Jumapili tukishakula mchana ananyoa, basi. Mtoto akaacha kula kwenye meza ile. Nilichukia, lakini nyumba ni yake, nami nimekuja tu kukulelea mtoto, ningesema nini?

Nikakimbilia dukani, nikanunua brashi kwa kupenda rangi. Kumbe meno yake magumu, yamebanana, na kila ncha ina kidude cha mviringo cha kunasa nywele. Nikaipitisha kuanzia utosini, nywele kavu! Kipusa alipiga yowe akajifungia chooni.

Msusi wa pale kona alinicheka kwanza. Kisha akanichagulia brashi yenye meno yaliyoachana, yanayonyumbulika, yasiyo na vidude, ambayo ikikwama inalegea badala ya kung'oa. Akaniambia nilowanishe, nipake dawa ya kulainisha, nigawe mafungu, nishike shina kwa mkono mmoja ili asivutike, nianzie nchani nikipanda juu kidogo kidogo. Nilijiona mjinga. Mimi niliyezeekea kwenye cherehani, uzi uliojifunga niliwahi kuuvuta kwa nguvu?

Leo asubuhi nikamwita uani. Akagoma. Subira ikanishinda, nikamuuliza kama anataka kipara. Ndipo akasema, machozi yanamtoka: "Mama alisema atanifumua mwenyewe akirudi. Nikifumuliwa, atarudi kufanya nini?"

Mdogo wangu, nilikaa chini. Neno ulilomtupia mlangoni ili anyamaze, mwenzio kaliweka moyoni miezi yote hii.

Nikampa brashi ajaribu mwenyewe kwenye ncha. Fundo la kwanza likaachia. Akalitazama, akanirudishia brashi, akainamisha kichwa. Mchana tulikuwa bado tunahangaika na kisogo mkweo alipotoka na mkasi mkononi. Alisimama pale mlangoni akisubiri yowe. Halikuja. Akauweka mkasi chini, akavuta kigoda, akaanza kunishikia mafungu.

Msuko mmoja tu, nyuma ya sikio, Kipusa kakataa katakata tuufumue: huo ni wako. Tumeufunika na nywele nyingine, mwalimu hatauona.

Mkweo anakusalimu, na baba Kipusa pia, ametoka zamu sasa hivi amelala. Msalimie yule mwenzako wa chumbani. Mungu akulinde na akufungulie njia ya kurudi mapema.

Brashi nimeiweka juu ya kabati, haiguswi, kwa amri ya mwanao. Amenishika nguo nikiandika hapa, anataka niongeze hili: "Mwambie mama aanzie nchani."

Nikupendaye siku zote,
Dada yako mkubwa