Apareyi ya plastiki ya Nadine: iko na bei yake ao hapana?

Kapata, jumamosi, siku ya posho, saa kumi ya mchana.

Asubuhi baridi ya kiangazi yetu ya mwezi wa sita ilikuwa ya kukata masikio, vumbi imelala nyekundu juu ya mabati. Lakini mi niko na joto ya furaha tangu saa nne. Nimeimba mpaka kuku bamenikimbia.

Shajara yangu, kaa chini. Leo nakuambia yote, hata kile nilificha majuma matatu.

Unamujua Nadine, binti yangu wa kwanza. Mu huu mustari wote wa nyumba za kampani ya zamani, hakuna mutoto mwenye akili kama yake. Sisemi ju ni wangu, nasema ju ni kweli. Anachapaka barua za batu na kufanya fotokopi pembeni ya soko, na feza yake anaichunga. Basi mwaka huu akaichukua ile feza, akaagiza apareyi ya foto kwa rafiki yake wa Lubumbashi.

Ikafika mu kartoni. Nikaifungua mi mwenyewe. Plastiki! Nyepesi kama sahani ya mutoto. Hata kioo yake ya mbele ni plastiki. Haina betri, haina pa kuangalia foto. Inakula filimu, zile za zamani. Na bei yake ilikuwa ya mifuko miwili ya unga ya mahindi, bila kuhesabu filimu.

Nilipiga kelele. «Nadine! Hii ni kitu ya kuchezea! Kesho utaninunulia na gari ya makopo?»

Mama Ilunga, jirani yangu, akatupa chumvi yake juu ya ukuta wa lupango: «Mama Nadine, uagize na jiko ya plastiki, tutakuja kuota moto!»

Nilicheka naye, lakini ndani iliniuma. Mi njo niko na ruhusa ya kucheka mutoto wangu. Mama Ilunga, nani alimupa?

Sasa sikia habari ya Nkambo. Ni mama yangu muzazi, lakini batoto banamuitaka nkambo, ni kusema bibi, na sisi wote tukafuata. Jina yake Kyungu. Alizaliwa pasa, tumbo moja na ndugu yake Kabange, ule anaishi ku Mutshatsha. Na mapasa kwetu banachungwa. Ukinunulia mumoja kitambaa, nunua bitambaa bibili. Ukisalimia mumoja, salimia na mwenzake, hata kama hayuko. Njo maana Nkambo hajakubali hata siku moja kupigwa foto yee peke. Anasema nusu ya mutu haipigwake foto.

Ku ukuta wa salon, pale tunapokea bageni, baba yangu marehemu iko, na kofia yake ya kazi. Mi niko. Batoto bako. Nkambo hapana. Pembeni ya baba kuna musumari mutupu, miaka yote. Kila nikipangusa ule ukuta nilikuwa naogopa kitu moja: siku moja nitaangalia ule musumari, na Nkambo hatakuwa tena mu nyumba.

Magoti yake hayapande tena treni. Ya Kabange ni mabaya zaidi. Tuliwaza kupiga kila mumoja kwake na telefone, alafu kubaunganisha. Nkambo akakatala.

«Hiyo ni kubandika. Mi si afishi ya uchaguzi ku ukuta.»

Njo Nadine akaleta ile apareyi yake, akapiga magoti mbele yake. «Nkambo, hii haina akili. Ukipiga foto, haiendeshe filimu yenyewe, lazima uzungushe haka kagurudumu na kidole. Nisipozungusha, foto ya pili inaanguka palepale juu ya ya kwanza. Nitaenda Mutshatsha nipige Nkambo Kabange. Nitarudi bila kugusa kagurudumu, nikupige we. Mutaingia wote babili mu nafasi moja.»

Nkambo akapapasa ile apareyi.

«Kama mu tumbo ya mama,» akasema. «Enda.»

Shajara, nilienda kulia nyuma ya nyumba. Kelele zangu zote nilizimeza.

Nadine akaenda, akarudi siku ya tano, ijumaa mangaribi, yee na apareyi yake rangi ya matofali ju ya vumbi. Akasema imebaki Nkambo tu, jumapili, siku ya mungu, kisha ya misa.

Katikati ya hizo siku mbili kulikuwa siku ya posho.

Na mi siku ya posho nasafisha. Magari makubwa ya madini yanatupaka vumbi kila siku, lakini nyumba yangu ikifika saa sita unaweza kula chini. Nadine alikuwa ku kazi. Nikapangusa viti, mabeseni, ndoo. Nikaona apareyi juu ya meza, chafu, ya haya. Plastiki ni plastiki. Nikachukua kitambaa. Kale kagurudumu kalijaa vumbi ku meno yake, nikakazungusha nipate kupangusa upande wa pili. Krr, krr. Nusu hivi. Nilikuwa hata naimba.

Mara nikakumbuka.

Nikataka kukarudisha nyuma, kakakatala. Kanaendaka mbele tu.

Na sikusema kitu. Mi, mwenye nachapaka batoto ju ya uongo, sikusema kitu.

Siku ya mungu, Nadine akaweka kiti mbele ya ukuta wa matofali. Akamuomba Nkambo akae pembeni kidogo, ku mukono wa kuume, ju nyuso zisipandane.

«Mi? Pembeni?» Nkambo akavuta kiti katikati. «Mi njo Kyungu. Mi njo nilitoka wa kwanza.»

«Nkambo, tafazali. Na mwenzako alinifanyia vilevile!»

«Yee alikaa katikati ju ya nini? Alitoka wa pili!»

Nadine akapiga vilevile, macho yake yamekata tumaini. Mi nilisimama nyuma na sufuria mukononi, nikisoma rozari kimya kimya. Kesho yake filimu ikapanda basi kwenda Lubumbashi, kwa fotografe muzee mumoja mwenye anasafisha filimu mpaka leo.

Majuma matatu! Na unajua mudomo wangu. Kila nilipoogopa zaidi, nilijisifu zaidi. Niliambia mustari mzima: mapasa babili mu foto moja, kazi ya Nadine, mukuje muone! Niliambia hata batu ba Musonoi kule ku soko.

Leo asubuhi bahasha imefika. Mama Ilunga alikuja na kiti chake mwenyewe.

Niseme ukweli: foto za kwanza zilikuwa za huruma. Pembe nyeusi. Moja yote moshi. Moja moto umepita juu ya gari kama radi. Mama Ilunga akaguna. Nilitafuta shimo la kuingia.

Alafu Nadine akatoa ya mwisho. Ndefu, ndefu kuliko zingine. Na mapasa bamekaa ndani, bega kwa bega, kila mumoja kwa kiti chake. Pale mabega yanakutana, majani ya migomba ya Mutshatsha yanaota juu ya matofali ya Kapata. Usingejua nani iko wapi.

Mu bahasha, fotografe aliandika: «Foto mbili za mwisho zimeshikana. Kagurudumu kalizunguka nusu tu. Ni bahati yenu, wote bamekaa katikati. Ingebaki palepale, nyuso zingechanganyika kama bukari na mboga ya sombe mu sahani moja. Nilishika makasi nikate, nikaona ni mapasa. Na mi ni Muluba. Kwetu mapasa habakatwake.»

Nadine akasoma mara mbili. «Nusu? Lakini mi sikugusa...» Akainua macho, akaniangalia. «Mama?»

Nilitaka kuungama na unyenyekevu. Kweli nilitaka. Lakini Mama Ilunga alikuwa pale.

«Ni mi!» nikasema. «Mi njo nilizungusha! Nusu kamili, na hii kidole!»

Nadine alicheka mpaka akakaa chini. Kisha, mu jiko, sisi babili tu, nikamuomba musamaha wa kweli. Akanishika mabega. «Mama, njo maana ulinipikia samaki kila siku?»

Na Nkambo? Alishika foto mukononi kwa muda murefu. Akapitisha kidole ku uso wa ndugu yake.

«Kabange amezeeka,» akasema. «Mi bado.»

Basi, iko na bei yake? Kama unataka foto safi, usinunue. Kioo yake inaona kama muzee bila miwani, na nusu ya filimu inakufa bure. Lakini mifuko miwili ya unga tungekwisha kuikula na kuisahau.

Musumari bado mutupu. Fotografe alituma ile foto mara mbili, bila kuombwa, na Nkambo amekatala yake ipande ukuta kabla Kabange hajapata yake. Siku ileile, saa ileile, amesema. Kesho Nadine anapanda treni. Akifika atatupigia telefone, na tutagonga pamoja, huku na kule.

Nyundo iko tayari juu ya meza. Nimeipangusa.