Jibu la Holger Kwenye Mkanda

Jumanne, 27 Agosti
Mama mkubwa Elvy kaja na mkanda mdogo wa video. Krismasi ya 1999, jikoni kwake. Anataka uingie kwenye kompyuta kabla hajatimiza themanini na tano, tarehe saba. Shida yake si picha. Humo alimwuliza mumewe: ungeanza maisha upya, ungenioa tena? Anasema Holger alijibu ndiyo. Mdogo wake, mama mdogo Märta, aliyeshika kamera siku hiyo, anashikilia hadi leo kwamba hakujibu kitu. Na Holger yuko kaburini mwaka wa tisa.
Nimeazima kamera ya zamani ya jirani, Tage, nikaunakili mkanda. Picha nzuri. Nikageuza faili ichezeke kwenye kompyuta — wote wana sauti za panya!

Ijumaa, 30 Agosti
Nimeelewa. Kamera ya Märta ilirekodi sauti kwa vipimo 32,000 kila sekunde. Programu ya kugeuza imeisoma kama 48,000. Ndiyo maana wanaongea mbiombio, na sauti inakwisha picha ikiwa bado inakwenda. Nimerekebisha namba. Holger huyo! Mzito, taratibu, anauliza kahawa iko wapi. Nimelia kidogo, kisha nikaosha vyombo.
Umebaki mvumo wa mota ya kamera. Nimewasha kichujio cha kelele, nikakikaza hadi mwisho. Safi kabisa. Faili za awali nimefuta, diski imejaa. Kamera nimeirudisha.

Jumatatu, 2 Septemba
Siku mbaya.
Tumetazama watatu. Elvy wa kwenye skrini anauliza. Holger anakitazama kikombe. Kimya. Halafu anaomba jibini la kutia kwenye kahawa, desturi ya huku kwetu.
Märta akapiga paja: si nilisema? Mwanamume kaulizwa ndoa, kajibu jibini!
Elvy hakucheka. Akavaa koti. "Basi nilijijibia mwenyewe, Gunvor mwanangu." Kahawa hakuimaliza — Elvy, asiyeacha hata tone!

Jumatano, 4 Septemba
Dukani. Muuzaji kauliza kama nataka risiti. Nikavuta pumzi, fyup, akanipa risiti.
Nikasimama pale kama gogo. Mjinga mimi! Sisi watu wa huku kaskazini, "ndiyo" yetu ni hiyo, pumzi fupi ya kuvutwa ndani, midomo imebanwa. Holger hakuwa na ndiyo nyingine. Na kichujio kikikutana na kitu kama upepo, kinafuta. Nani alikikaza hadi mwisho? Mimi, niliyezaliwa hapahapa.
Mkanda bado ninao. Kamera sina, na Tage yuko msituni, msimu wa kuwinda umeanza. Nimempigia. Akanong'ona: "Gunvor! Mnyama yuko mita themanini! Ufunguo chini ya ndoo." Akakata.

Alhamisi, 5 Septemba
Nimenakili upya. 32,000. Bila kichujio, na mvumo wote. Faili ya awali nimeihifadhi mahali pawili.
Elvy alikataa kuja. Eti kimya alichosikia Jumatatu kinamtosha. Märta ndiye aliyemleta, kamshika mkono, anamgombeza njia nzima kwa kutovaa kofia.
Nilimvalisha Elvy vipokea sauti vya masikioni. Akasikiliza. Akaonyesha kwa kidole: tena. Mara sita. Mashavu yalimwiva mekundu kama ya msichana.
Märta hakuvumilia. "Haya, kasema nini huyo shemeji?"
Elvy akavivua, akamvalisha mwenyewe, akamtengenezea nywele pembeni.
Naandika haya kwenye dirisha la jikoni, wao wako mezani.
Märta anasema hiyo fyup ni ya mbwa.
"Mwaka ule hatukuwa na mbwa, Märta."
Basi mlango.
"Mlango gani?"
Märta kavikandamiza vipokea sauti masikioni. Kaniambia nirudishe nyuma. Nimerudisha. Kaniambia tena, kwa sauti ndogo safari hii, macho kayafumba, na mkono wa Elvy kaushika tena —