Maji ya Wali Mbele ya Baba Mkubwa

Krishnanagar,
14 Falgun 1365 (Februari 1959)

Mpendwa Mama Mdogo Nirupama,

Pokea heshima zangu. Nagusa miguu yako kutoka huku mbali. Hujambo huko Shillong? Kikohozi kimekuacha, au baridi ya milimani bado inakuonea? Sisi sote wazima.

Mimi nina furaha hata naona haya! Yeye (jina lake siliandiki, usinicheke) kila akirudi kazini huniletea ua, kalificha mfukoni mama yake asilione. Hufika limepondeka, nami hulivaa hivyo hivyo.

Lakini nimepatwa na aibu, na sina wa kumwambia ila wewe. Unajua nimeolewa katika nyumba ya mshairi Anadinath, kaka mkubwa wa baba mkwe. Nyimbo zake ziliimbwa kwenye maandamano, Waingereza wakazipiga marufuku, naye wakamfunga mara mbili. Ule wa mama wa mwaka wa njaa, anayepita mlango kwa mlango haombi wali, aomba maji yake tu ampe mtoto, ndio nilioimba shuleni nikapata nishani.

Siku ya bibi harusi kuwapakulia wakwe wali, nilipika mwenyewe. Nikauchuja, na yale maji mazito, bado yanafuka mvuke, nikayamwaga mtaroni. Baba Mkubwa alikuwa ameketi pale pale kisimani. Akayatazama yakienda, akainuka, akaingia chumbani mwake.

"Wewe wifi!" Minoti, dada wa mume wangu, akaninong'oneza. "Umekosa pa kumwaga? Mzee kafungwa jela kwa ajili ya maji hayo!"

Majani ya mgomba yakatandikwa, jamaa wakaketi, mahali pa Baba Mkubwa patupu. Asipoanza yeye hali mtu. Na mkubwa wa nyumba akiukataa wali wa bibi harusi, bibi harusi atauweka wapi uso wake? Nikaenda mlangoni kwake, nimejifunika ushungi hadi kidevuni.

"Baba Mkubwa, nisamehe. Na wimbo wako nimeuimba tangu darasa la sita."

"Uliuimba vizuri?"

"Watu walipiga makofi sana."

"Hata mimi walinipigia," akasema. "Ukumbi mzima, wote wameshiba. Nikainama nikawashukuru." Akajikongoja kusimama. "Haya, mama, twende. Tunawakalisha watu na njaa."

Alikula hadi punje ya mwisho. Nilishindwa kumtazama. Hadi leo nikipita kisimani uso unanichoma, na ile nishani niliyokuja nayo sandukuni sijamwonyesha mtu, hata mume wangu.

Mama Mdogo, mwaka ule wa njaa mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa, wewe ulikuwa msichana mkubwa. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuusimulia, nami sikuwahi kuuliza. Akina mama wale walipobisha mlangoni petu, tuliwapa?

Msalimie Baba Mdogo, na mdogo wangu Shefali umwambie manjano ya harusi yake nitampaka mimi. Mungu wetu Mama Durga asiwaondolee mkono wake.

Ni mimi mwanao, nikupendaye hata ukinijibu vibaya,
Bithika